Maganda kwenye Kopo la Sukari

Loo, siku hiyo Mwalimu aliwaka. Alikuwa amesimama kwenye kile kisiwa kidogo, mbele ya kidimbwi chake, anayatolea macho matete yaliyobaki matupu, hayana hata ganda moja, na afisa mazingira ndiyo kwanza anashuka kwenye boti.

Siku yenyewe ndiyo ya kuamua. Halmashauri ilitaka kukifukia kidimbwi ipate pa kujenga gati, na afisa alishasema wazi: kereng'ende wanaoruka hapa huenda ni wapita njia tu, lakini akionyeshwa kwamba wanazaliwa hapa, atazuia. Ushahidi ulikuwa maganda. Mtoto wa kereng'ende hukulia majini. Akikomaa hupanda juu ya tete, akajivua ganda, akaruka zake. Mwalimu aliyaacha palepale yalipong'ang'ania, afisa ajionee kwa macho yake.

Sasa mumewe, fundi saa, akamkabidhi kopo la sukari huku anatabasamu kama bwana harusi. Alikuwa ametangulia asubuhi akayabandua yote kwa kibano chake cha kazi, moja moja, hata mguu haukukatika. Tena juzi, kwa kiherehere hichohicho, alipita visiwa vya jirani akachukua na ya huko. Yote kopo moja. Eti zawadi.

Afisa akachungulia ndani, akauliza yapi ni ya hapa. Fundi saa alishafungua mdomo aseme ni yote. Mwalimu akamkata jicho, akajibu mwenyewe.

"Yamechanganyika. Sijui."

Afisa akasema kwa upole kwamba basi hana la kuandika, akageukia boti.

Hapo mori ukampanda Mwalimu. Miaka yote amekuwa akigombeza watu, kuanzia mumewe, wasikanyage tope la ukingoni, kwa kuwa watoto wa kereng'ende hujificha humo. Leo aliingia yeye, na viatu vyake, gauni linalowa mpaka magotini. Alimpokonya mumewe kofia, akachota tope, akamwaga, akachota tena, huku kimoyomoyo akiutukana ukoo mzima wa mafundi saa. Mara kitu kikajinyonganyonga ndani ya kofia. Mtoto wa kereng'ende, mzima kabisa.

Afisa akarudi, akamtazama yule mdudu kwa kioo chake cha kukuzia, akaandika. Kidimbwi kimepona.

Fundi saa akacheka kwa furaha, akanyoosha mkono amvute mkewe kutoka topeni. Akasema si unaona, mambo yameisha salama.

Mwalimu hakuushika ule mkono. Alikuwa anaangalia nyayo zake mwenyewe, zinavyojaa maji machafu, na ndani ya unyayo mmoja mlikuwa na watoto wengine wa kereng'ende, wamesagika.

"Lete kibano chako," alisema. "Uje uwatoe na hawa."