Mizabibu ya Mwezi wa Tisa

Fundi Mkasi alikuwa amekosa mambo mengi duniani. Alikosa cheti, maana yote aliyoyajua kuhusu mizabibu aliyapata kwa kukata kwanza na kujuta baadaye. Alikosa meno mawili ya mbele. Alikosa miwani isiyoshikizwa kwa waya, na alikosa mtu wa kumpinga kwenye chama cha wakulima, jambo ambalo lilimharibu kidogo. Tangu mwezi wa tano alikosa pia kiganja cha kulia kisichouma, lakini hilo hakutaka lisemwe. Sikio la kumsikiliza mkewe hakuzaliwa nalo. Kitu kimoja ambacho hakuwahi kukikosa, hata siku moja, ni jibu.

Jumamosi hiyo, mwanzoni mwa mwezi wa nane, kijiji kizima kilikuwa kimetandazwa juu ya meza yake ya kulia. Kilikuwa kijiji cha karatasi. Pembe zake zilikandamizwa na kopo la chumvi, redio, bakuli la maharage ambayo hayajachambuliwa, na mkasi wake wa kupogolea. Aliyekichora ni mjukuu wake, afisa mipango, ambaye nyumbani walimwita Ramani kwa sababu tangu utotoni hakuweza kumwelekeza mtu dukani bila kuokota kijiti na kuchora chini.

Kwa miaka mitatu Ramani alikuwa akikipanga kijiji hicho. Juu ya mteremko aliweka nyumba kumi na mbili za wageni. Chini yake ukumbi wa kuonjea mvinyo, na chumba cha mapipa kilichozama nusu ardhini ili kibaki na ubaridi bila kuomba umeme. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, maduka, darasa la wakulima vijana na bustani za mboga. Kondoo wangekula majani kati ya mistari ya mizabibu, na maji machafu yangechujwa na matete kabla ya kurudi shambani. Hata makapi ya zabibu yalikuwa na mahali pake, yageuke mboji.

"Mimi niko wapi hapa?" aliuliza Fundi Mkasi, pua imekaribia kugusa karatasi.

"Hapa, Babu. Banda la zana."

"Banda! Mtaalamu mkuu anawekwa bandani kama jembe?"

"Jembe halilalamiki," alisema mkewe kutoka mlangoni, huku akikung'uta ungo.

Ramani alijiumauma midomo asicheke. Akafungua faili nene, akaanza kusoma ratiba. Wajumbe saba wa bodi ya uwekezaji wangekuja tarehe kumi na nne mwezi wa tisa. Asubuhi wangetembezwa eneo lote. Saa nne wangeingia shambani, wachume zabibu kwa mikono yao wenyewe.

Fundi Mkasi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Wachume zabibu gani, mjukuu wangu? Nimepogoa mwishoni mwa mwezi wa saba. Mzabibu ukishaukata unahesabu miezi minne, haukubali rushwa. Mwezi wa tisa watachuma majani wakawape kondoo wako!"

Ramani hakucheka. Alivuta daftari dogo kutoka mkobani, akafunua ukurasa uliokunjwa pembe.

"Mwaka jana nilikuuliza, Babu. Hapa hapa, kwenye kiti hicho. Nikasema, mavuno ni mwezi gani? Ukaniambia, 'Andika mwezi wa tisa, usiniulize-ulize kama polisi.'"

"Ndiyo, ukipogoa mwezi wa tano!"

"Hukusema ukipogoa."

"Mtu mwenye akili angejua."

"Mtu mwenye akili ndiye huyu aliyeandika." Akamwonyesha faili, ukurasa wa tisa. *Kwa mujibu wa mtaalamu mkuu wa mizabibu wa chama, mavuno huanza mwezi wa tisa.* Maneno "mtaalamu mkuu" aliyatia mzee mwenyewe. Ramani alikuwa ameandika "mkulima mzoefu" tu.

"Basi wabadilishe tarehe."

"Bodi inakaa mara moja kwa mwaka, Babu. Wakikuta fito tupu hapa, watakwenda kuona kijiji cha wenzetu, na hicho ndicho kitakachojengwa. Na faili linatoka Jumatatu." Sauti yake ilishuka. "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nikionekana nimedanganya kwenye hii, sitapewa ya pili."

Mlangoni ungo uliendelea kukung'utwa. Kwa mara ya kwanza mzee alitafuta jibu, akakuta ghala halina kitu. Alijua vizuri kwa nini shamba lilichelewa. Kiganja kilimvimba mwezi wa tano, vijana wa chama wakajitolea kumpogolea, naye akawafukuza wote akisema hakuna atakayegusa mizabibu yake kwa mikono ya kukatia nyasi. Akasubiri mkono upone. Mkono nao ulikuwa na kiburi kama cha mwenyewe, ukapata nafuu ulipopenda.

"Tununue zabibu sokoni," alisema hatimaye, "tuzifunge kwenye miti kwa uzi mwembamba. Wataalamu wa bodi wenyewe ni watu wa ofisini."

Ungo ulisimama. "Mzee," alisema mkewe, "mjumbe akivuta kichala, atoke na uzi mita mbili, utamwambia ndiyo mizizi?"

Hapo Ramani alishindwa kujizuia, akacheka na machozi yakiwa karibu. Bibi yake akaweka ungo chini.

"Twendeni shambani. Kuna mtu hapa amesahau mistari yangu."

Mzee hakuwa amesahau. Alikuwa akipita mbali nayo kwa makusudi. Ule mwezi wa tano, wakati mzee amelala na kiganja kimefungwa kitambaa cha maji ya chumvi, mkewe alichukua mkasi akapogoa mistari minne ya mwisho karibu na uzio. Mzee alipoiona alisema miti hiyo imenyolewa na kipofu ndani ya basi linalotembea. Akaapa ataikata upya ilingane na mingine. Mkewe akamjibu kwa upole kabisa kwamba akigusa hata jani moja atajipikia mpaka ndevu zitoe ukungu. Kwa hiyo mzee akatangaza kwamba ameiacha mistari ile kwa ajili ya utafiti.

Walipita kwanza kati ya mizabibu ya Fundi Mkasi: safi, imenyooka, kila tawi limekatwa juu ya jicho la pili la kuchipulia, kwa pembe ile ile, na imechipua majani madogo tu. Kisha wakafika uzioni. Mistari minne ilikuwa imejaa. Vichala vilining'inia chini ya wavu wa kuzuia ndege, na punje zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, moja hapa, tatu pale, kama watoto waliojipaka wino wa kalamu.

Mzee aliinama. Alibonyeza punje moja, akaipasua, akaitazama mbegu ndani. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wiki tano," alisema. "Sita zikizidi."

"Yaani katikati ya mwezi wa tisa," alisema Ramani.

"Mimi sikusoma hesabu nyingi," alisema bibi, "lakini niliambiwa mavuno mwezi wa tisa, mwaka jana, kwenye meza ile. Nikaona mwenye kusema amelala. Nikakata."

Ramani aliokota kijiti. Akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye vumbi. Akagawa shamba vipande sita. "Bibi, hiki tukikipogoa mwezi mmoja, na hiki miezi miwili baadaye, na hiki vivyo hivyo? Nimekosa usingizi kwa sababu ya zile nyumba za wageni. Mavuno yakija yote kwa mpigo, wageni wanajaa wiki tatu, halafu vitanda vinalala peke yake mpaka mwakani. Na mapipa yote yanatakiwa siku moja. Lakini tukifanya kama ulivyofanya wewe, mgeni anakuta zabibu karibu kila anapokuja, na wachumaji wana kazi mwaka mzima!"

"Si kila anapokuja," mzee alidakia. Hapo alikuwa kwenye fani yake. "Kipande kisiivie kwenye mvua kubwa. Ukungu utakula vichala vyote, ubaki na vikonyo. Miezi ile iache tupu, wageni wako waonyeshe kupogoa." Akamtazama mkewe kwa pembeni. "Hata wale wanaokata kama vipofu wafundishwe."

"Nitawafundisha mimi," alisema mkewe. "Wewe utakuwa bandani."

Lilibaki jambo moja. Ukurasa wa tisa haungeweza kubadilishwa kimya kimya. Aliyetoa kauli ndiye aliyetakiwa kuisahihisha, kwa barua yenye sahihi yake. Jumapili mchana Fundi Mkasi alikaa mezani na kalamu ya wino. Barua ya kwanza ililaumu hali ya hewa. Mkewe aliisoma, akamuuliza ni hewa gani hiyo iliyopita kwenye shamba lake ikaruka mistari minne. Barua ya pili ilisema "tuliamua kufanya majaribio."

"Tuliamua," alisema mkewe. "Mimi na nani?"

Mpanda ngazi hushuka, lakini yeye alishuka kipandio kimoja kimoja, akikohoa kila kipandio. Barua ya tatu ilikuwa fupi. Iliwaambia wajumbe kwamba mavuno huja miezi minne baada ya kupogoa, na kwamba mwaka jana yeye alitaja mwezi bila kutaja sharti lake. Afisa mipango hakukosea, aliandika alichoambiwa. Mwaka huu shamba kubwa lilichelewa kwa sababu mwandishi wa barua alikataa msaada. Mistari minne itakayovunwa mbele ya wajumbe ilipogolewa na mkewe, na utaratibu wa vipande sita umetokana na kazi yake. Akatia sahihi. Chini yake aliandika "mtaalamu mkuu", akayatazama maneno hayo, akaongeza kabla yake "mume wa".

Mkewe aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kumletea chai kabla hajaombwa.

Jumatatu asubuhi walisimama posta wote watatu. Ramani aliingiza barua kwenye bahasha kubwa, juu ya faili na ramani iliyokunjwa. Mzee akaomba aifunge mwenyewe. Alilamba ukingo polepole, akaubana kwa kiganja cha kulia mpaka kikamuuma.

"Umebana vizuri?" aliuliza mkewe. "Isije ikafunguka njiani ukapata nafasi ya kuongeza neno."

Fundi Mkasi alipitisha kidole kwenye ukingo mara moja tena. Akaisukuma bahasha chini ya kioo, na karani akaigonga muhuri.