Kinanda cha Kioo

Mume wangu Mihayo haoni tangu utotoni, surua ilimharibu macho. Lakini kinanda alikuwa anakipiga. Kanisani kwetu Makoko alikipiga miaka mingi, mpaka mvua ya masika ilipopenya kwenye bati na kukiua. Kuanzia hapo kwaya iliimba bila kinanda, na yeye akawa anasimama katikati ya wanaume, hajui mikono aiweke wapi.

Ndiyo maana Jumapili ya mavuno, mama Jeska, mwenyekiti wa kwaya, alituita mbele. Walikuwa wamechanga kimya kimya bila sisi kujua. Wanawake walikuwa wameuza maandazi na dagaa kwa ajili yetu. Akamkabidhi Mihayo kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Mihayo akakifungua, akapitisha viganja juu yake huku na huku.

"Mmenipa kioo?" aliuliza. "Nijitazame nini mimi?"

Kanisa lote likacheka, kicheko cha upendo. Mama Jeska akamweleza kwamba ni kishikwambi. Ndani yake mna kinanda, filimbi, ngoma na vyombo vingine vingi, na mvua haitakipata kwa sababu kinaingia kwenye mkoba. Mihayo akashukuru mbele ya watu wote. Alisema Mungu amejibu. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote, na niliisema kwa moyo wangu wote.

Mimi nasoma darasa la jioni kule Bweri. Nilianza nikiwa na wajukuu tayari, na kwa neema ya Mungu herufi zimeanza kunitii. Basi nyumbani nikawa macho yake. Nilisoma maandishi ya kwenye kioo polepole, nikafungua kinanda, nikamshika mkono nikamwonyesha kilipo. Akatandaza vidole kama alivyozoea. Sauti kumi zikalia kwa pamoja, kuku wakakimbia mlangoni.

"Zima kwanza," alisema. "Bado natafuta."

"Umeshapiga, baba Rhobi."

Akaondoa mikono juu ya kioo. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ya kumsikiliza. Kwenye kinanda cha zamani vidole vyake vilikuwa vinalala juu ya vitufe bila kuviliza. Alikuwa anapapasa vile vyeusi vilivyoinuka, viwili, kisha vitatu, anajua yupo wapi, ndipo anabonyeza. "Nilikuwaga natafuta, halafu napiga," alisema. "Hapa kutafuta ndiyo kupiga."

Tulijaribu. Nilifumua uzi wa kiroba, nikabandika vipande kwa gundi kwenye mistari ya vitufe. Jioni moja alipata njia, akapiga ubeti mzima, nikamwona akitabasamu. Kisha kidole kikateleza kidogo tu, na vitufe vyote vikahamia pembeni kama mkeka uliovutwa, nyuzi zangu zikabaki palepale. Alipokosea na kulaza kiganja, kinanda kikatoweka kabisa na picha ya maua ikatokea. Nikahangaika kukirudisha, maana maneno yake mengi ni ya Kiingereza na sisi darasani hatujafika huko.

"Halafu hakina moyo," alisema. "Nikikigonga kwa hasira au nikikigusa kama mtu anayeomba, sauti ni ileile."

"Waambie."

"Jumapili nitawaambia."

Jumapili akasimama. "Wapendwa, kuhusu kile kinanda mlichonipa," alianza, na kabla hajamaliza watu wakaitikia amina na pambio likaanzishwa. Jumapili iliyofuata alimshika mama Jeska mlangoni, akamwambia vidole vyake havioni kitu kwenye kile kioo. Mama Jeska akamwambia adui hapendi kuona mtu akianza jambo jipya. Akawaita wanawake, tukaviombea vidole. Mimi pia niliviombea. Mungu wangu anaweza kufungua macho ya vipofu, hilo sina shaka nalo. Lakini kuomba vitufe viote juu ya kioo, sikujua niombe kwa maneno gani.

Likaja tamasha la kwaya la Butiama. Mama Jeska alifika nyumbani akiwa na furaha.

"Nimepata dawa," alisema. "Gloria wa sauti ya pili ana ndugu yake mjini anayerekodi. Ametutengenezea muziki wote wa wimbo wetu, upo humo ndani. Mama Rhobi anabonyeza mara moja tu."

"Na mimi?" Mihayo aliuliza.

"Wewe unakaa kwenye kiti, unaweka mikono juu yake. Watu wakikuona watabarikiwa."

"Nitakuwa nadanganya, mama."

"Kwaya zote zinaimbiaga muziki wa kurekodi siku hizi."

"Hazimweki mtu mbele ajifanye anapiga."

Mama Jeska hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi. Alimshika mkono, akamwambia taratibu kwamba jina lake limeshapelekwa Butiama, limeshatangazwa, na kwamba wale wanawake wa dagaa wote watakuwepo. Mihayo akageuza uso upande nilipokaa, kama vile angeweza kuona kwangu neno la kumtoa.

"Sawa, mama," alisema.

Kanisa la Butiama lilijaa mpaka madirishani. Mtangazaji akasema anamleta mtumishi asiyeona kwa macho ya mwili, na vigelegele vikapanda. Nikamkalisha. Nikabonyeza mimi mwenyewe, kwa kidole hiki, huku nikiomba msamaha moyoni. Muziki ukatoka kwenye spika, mzuri, safi, na kwaya ikaingia.

Mihayo aliishikilia mikono yake juu ya kioo bila kukigusa, maana angegusa tu kingeongeza kelele. Jasho lilimtiririka shingoni. Ubeti wa kwanza ukapita hivyo.

Katika ubeti wa pili akaiinua mikono yote miwili. Aliinyanyua juu kabisa ya kichwa, akaiacha huko, na kinanda kikaendelea kulia. Nikaelewa anachofanya. Nikasema, asante Bwana, sasa wameona.

Mama mmoja wa benchi la mbele akainua mikono yake. Kisha wa pembeni yake. Kisha kanisa zima likasimama, mikono juu, wengine wakilia. Mihayo alisikia ile sauti, akadhani hawajaona vizuri. Akaiinua zaidi, akatandaza vidole vyote ili wavione vitupu. Vigelegele vikaongezeka.

Baadaye tulikuwa nyuma ya kanisa tunakula, mwalimu wa kwaya kutoka Bunda, mwalimu Masatu, akaja kutusalimia. Mama Jeska alikuwa amekaa nasi.

"Baba, tunakutaka Bunda," alisema yule mwalimu. "Mwisho wa mwezi tuna mkutano wetu."

"Mwalimu, mimi sikupiga," Mihayo alisema.

"Ni Bwana aliyepiga."

"Hapana. Kinanda kimerekodiwa. Kilikuwa kinalia chenyewe."

"Ni kweli," nilisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

Mwalimu Masatu alitutazama mmoja mmoja. Nikaona macho yake yanalowa. "Mtu amesimamisha kanisa zima," alimwambia mama Jeska, "na hataki sifa hata kidogo. Na mke wake naye ni hivyohivyo. Hawa mmewatoa wapi?"

Mama Jeska aliangalia sahani yake. Alikuwa na nafasi ya kusema, nami nilimwombea aseme. Alimega ugali, akaufinyanga muda mrefu.

"Ndivyo walivyo," alisema.

Mwalimu Masatu akamshika Mihayo mikono yote miwili, akaibariki, akaondoka kwenda kwa watu wake. Mihayo alisubiri mpaka nyayo zake zikaisha.

"Ameelewa?" aliniuliza.

"Hukusikia alivyosema?" nilimjibu, kwa sababu sikutaka kulitamka mimi. Lakini alikuwa bado ameinamisha sikio, anangoja.

"Wanatusubiri Bunda," nilisema.