Usikate, Mimi ni Mtu!

Lindsay Trethewey alikuwa mpishi wa baa pale Geeveston, mji mdogo bondeni, hadi mwenye baa alipoiuza, na wanunuzi wakaigeuza nyumba ya wageni isiyo na jiko. Akabaki nyumbani, mwanaume wa makamo aliyezoea masufuria makubwa, akichemsha yai lake la asubuhi na kulisimamia kama anapikia harusi. Kila alikopita bondeni aliacha namba yake ya simu: atakayehitaji mpishi ampigie.

Simu ya kwanza ilimkuta juu ya ngazi, akitoa majani kwenye mifereji ya bati.

"Habari! Naitwa Emma, wa idara ya ajira. Tumeona sifa zako na zimetuvutia sana."

"Aisee, asante sana, dada!" Lindsay alitaka kuruka. "Naweza kuanza hata kesho!"

"Kwa kazi ya nyumbani yenye mshahara mnono, bonyeza moja."

"Samahani?"

"Kwa kazi ya nyumbani yenye mshahara mnono..."

Noelene, mkewe, aliyekuwa ameshika ngazi, alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Mume wangu anaomba kazi kwa mashine!"

"Shika ngazi wewe, nitaanguka!"

Tangu hapo Emma hakumpa nafasi ya kupumua. Alipiga Lindsay akiwa mezani, akapiga Lindsay akiwa chooni, akapiga katikati ya mazishi ya jirani, mchungaji akanyamaza na watu wote wakageuka. Lindsay akiifungia namba, Emma anakuja na nyingine. Siku nyingine anakuja na sauti ya kiume, anaitwa David. Mwisho Lindsay akawa mtu wa kutukana kwanza, kusikiliza baadaye.

Jumatano moja simu ikaita tena.

"Habari za asubuhi, naitwa Philippa, napiga kuhusu kazi..."

"Nenda kachomekwe chaji!" Akakata.

Ikaita. Akakata. Ikaita tena, na kabla hajafungua mdomo, sauti ikapiga kelele: "Usikate! Mimi ni mtu!"

"Ndivyo mnavyofundishwa kusema siku hizi."

"Lindsay, nakupigia kutoka makao ya wazee, hapa Huonville..."

"Hata Emma analijua jina langu."

"Emma ndiye nani?"

"Kama wewe ni mtu, piga chafya."

"Nitapigaje chafya sina mafua, jamani?"

"Basi niambie umekula nini leo."

"Sijala chochote!" Sauti ilikaribia kulia. "Mpishi wetu ameacha kazi, napika mimi, mtu wa ofisini. Leo nimeunguza uji. Uji, Lindsay! Sufuria nimeificha nyuma ya mapipa ya taka."

Lindsay akasita. Mashine ingejisifu, isingejiumbua namna hii. Mara kwa mbali akasikia bibi mmoja akifoka: "Philippa! Anakuja au haji? Mwambie sikuishi miaka yote hii ili nije kufa kwa mkate mkavu!"

"Na huyo nani?"

"Bi Cuthbertson. Samahani sana, anasikia hata kupitia ukuta."

"Mpe simu."

Kukawa na purukushani kidogo, kisha: "Haya, kijana. Supu ya kondoo unaiweza?"

Zamani kweli tangu Lindsay aitwe kijana. "Naiweza, bibi."

"Na shayiri ndani?"

"Bila shayiri si supu hiyo, ni maji aliyoogea kondoo."

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Philippa, ni mtu huyu! Mpe kazi!"

Kesho yake Noelene alimpeleka mumewe kwa gari. Philippa alimpokea mlangoni: binti mrefu, aproni imejaa madoa, kidole kimefungwa plasta. Hawakusalimiana vizuri, walibaki kucheka tu.

Lindsay aliingia jikoni akafungua makabati, akanusa viungo, akatupa nusu yake. Ilipofika adhuhuri vitunguu vilikuwa vinakaangika, na mlango wa ukumbi ukaanza kufunguka kidogo, kisha zaidi. Vikatokea vichwa vyeupe, kimoja baada ya kingine, kila mmoja akidai amepotea njia akitafuta choo.

"Karibuni," alisema Lindsay, akiutikisa mwiko. "Nani ataniambia kama chumvi imetosha?"

Mikono yote ikanyooka.