Kabati la Mvua Buhinyuza

"Wallahi, mi sisemi uongo! Hii kabati ni miti ya baba yangu, tuliikata kwetu Musinzira!"

Mzee Shabani aliapa hivyo mbele ya wakwe, Buhinyuza, mkoani Muyinga, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alitoka huko Musinzira, Gitega, na ukoo mzima na kabati la zawadi, kumposea mpwa wake Bahati. Kazi ya msemaji wa posa ni kusifu. Akinaswa na uongo hulipa faini, na asipolipa binti hubaki kwao. Bahati alikuwa ameshalowa jasho.

Msemaji wa wakwe, Mzee Juma, aliyekulia uhamishoni Tanzania, akafungua kabati. Ndani mvua ilikuwa inanyesha. Ukungu ukatoka taratibu, ukakaa mkekani pamoja na wageni. Nyuma ya mvua kulikuwa na msitu, na vyura wadogo kama kucha wamekaa kwenye fimbo ya kutundikia nguo.

Salima, shangazi yake Bahati, akaleta mwavuli, suti ya bwana harusi isilowe.

"Bwana Shabani," Mzee Juma aliuliza, "marehemu baba yako alipanda na vyura?"

"Hao? Ni wa Gitega kabisa!"

Chura mmoja akatikisa kichwa. Kwa kuwa hana shingo, alitikisika mwili mzima.

"Hawa ni wa kisiwani," alisema Mzee Juma. "Niliwaona nikifanya kazi baharini. Wana msitu mmoja tu duniani. Uko wapi sasa?"

"Si iko humo?" Shabani alionyesha kabati.

Wazee wakaguna. Nyuma ya pazia, Raissa, binti anayeposwa, alikohoa kwa hasira. "Baba, faini si iko? Alipe, twende!"

Shabani aliwageukia watu wake. Wote walikuwa wanakagua ndala zao.

"Bon. Mbao nilinunua, ilivuka maji. Nani anauliza mbao mama yake ni nani? Leteni Fanta ya faini."

"Fanta tumeichoka," alisema baba yake Raissa, akipapasa mlango wa kabati. "Lakini mvua yake inalia vizuri quand même, mtu analala. Faini yangu ni kabati kama hii. Na vyura yake."

"Muuzaji anasema msitu imebaki kilima kimoja."

"Inatosha kabati?"

Shabani akapima kwa macho. "Inatosha."

"Basi kata."

Vigelegele vikapigwa, Raissa akatolewa nyuma ya pazia. Kwenye fimbo ya nguo, vyura wakasogeleana kuwapisha wenzao wanaokuja.