Mkalimani Wangu

Siku tuliyomzika mume wangu, shemeji yangu alisimama na karatasi moja mkononi akasoma maisha ya kaka yake. Alichukua dakika nne. Marehemu alizaliwa, akasoma kidogo, akaajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi humo miaka thelathini na mmoja, akaoa, akapata mtoto wa kike na wa kiume. "Amemwacha mjane, ambaye ni mgonjwa," akamalizia, akaikunja karatasi.

Mgonjwa mwenyewe ni mimi. Nilikuwa mbele kabisa, kwenye kiti changu cha magurudumu, na yote ambayo hayakuandikwa nilikuwa nayo kinywani. Hayakutoka.

Kiharusi kilinipata miaka minane nyuma, nikifagia sebule. Kiliua mkono na mguu wa kulia, kikapinda mdomo, kikaniachia akili nzima. Nasema nzima kwa sababu watu hawaamini. Mimi nikizungumza najisikia nasema maneno. Wao wanasikia mtu anayesukutua.

Mume wangu tu ndiye aliyenielewa, na hakuelewa kwa miujiza. Kazini walimwita Pasi, maana hakuna aliyenyoosha shuka kama yeye, na mikono yake ilijaa alama za mvuke. Miezi ile ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani anavuta kigoda, anakaa uso kwa uso na mimi.

"Haya, mama watoto, sema. Sina haraka."

Nasema.

"Kikombe? Kitambaa? Kitunguu? Jamani, usiniambie unataka kitunguu saa hizi."

Kumbe kichwa kilikuwa kinaniuma. Tulikipata baada ya saa nzima. Siku nyingine nililia kwa hasira, na yeye akangoja nimalize, mikono magotini, kisha akauliza, "Tayari? Basi rudia."

Baada ya mwaka hivi akawa mkalimani kamili. Wageni wakija, nasema mimi, anafasiri yeye, na mara nyingine ananisingizia. Shemeji akiingia tu, namkaribisha, naye anageuka na uso mkavu: "Shemeji yako anasema umenenepa, anauliza unakula kwa nani." Tulicheka, mimi kwa upande mmoja wa uso.

Kila asubuhi aliniogesha, akanivisha, akanilisha uji, akamwelekeza jirani atakayenichungulia mchana, ndipo akakimbia kazini. Kilichomshinda ni nywele. Mara ya kwanza aliponisuka nilifanana na mtu aliyetoka kupigana. Hakukata tamaa. Alikwenda kwa msusi wa mtaani, akakaa benchi moja na wanawake, Jumamosi tatu mfululizo. Walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakamfundisha. Hakuna karatasi iliyoandikwa hayo.

Msimamizi wake wa kazi, mama mtu mzima, naye alisimama siku ile ya mazishi. "Pasi hakuwahi kuchelewa hata siku moja," alisema. Watu wakaitikia. Mimi najua alichelewa nusu saa kila siku kwa miaka minane, kwa ajili yangu, na mama huyo ndiye aliyemfichia. Alinitazama, nami nikamtazama. Nilitaka kumshukuru. Nilifungua mdomo, akina mama wawili wakaniwahi na leso wakidhani udenda unanitoka.

Mume wangu alikufa Jumanne. Asubuhi ile alinisuka taratibu kuliko kawaida, akasema mkono wa kushoto unamlemea. Nikamwambia, nenda kwa daktari. Akanielewa vizuri kabisa. "Wako ghorofa ya juu yangu tu. Nitapanda nikimaliza shuka za wodi ya watoto." Mchana, wakati wa mapumziko, alikaa juu ya marobota ya shuka safi akafumba macho. Wenzake walinong'onezana wamwache alale, maana hawakuwahi kumwona akisinzia kazini. Mashine zilipowashwa tena ndipo msimamizi alipomgusa bega.

Binti yetu ndiye aliyeniletea habari, akiwa bado na koti jeupe la duka la dawa. Nilimuuliza swali moja: alipanda kwa daktari? Nikarudia. Nikarudia tena, nikigonga kiti kwa mkono mzima.

"Ngoja mama, ngoja, nakupeleka," alisema akilia, akanisukuma mpaka chooni.

Sasa naishi kwake. Si kwamba ananitesa. Chakula napata, shuka zinabadilishwa, wajukuu wananisalimia kwa adabu wakienda shule. Mkwe wangu amenibandikia ukutani picha za vitu: kijiko, kitanda, dawa, jua. Ninachotaka nakionyesha kwa kidole. Hakuna picha ya mume wangu alivyokuwa akifasiri uongo, wala ya mkono uliolemewa.

Mwanangu wa kiume, aliye mbali, hupiga simu. "Mama, sema chochote nisikie sauti yako." Nilimwambia kwamba mwaka baba yake aliposimamishwa kazi hospitalini, alibeba mifuko ya saruji miezi mitano, na kila jioni alinawa vumbi kwa jirani ili wao watoto wasijue. Nilimaliza nikihema. Akasema, "Mtandao wa huku mbaya sana, mama." Binti yangu alichukua simu akazungumza naye robo saa bila kukatika hata mara moja.

Siku hizi sisemi sana. Nimeona ulimi unazidi kuwa mzito kila wiki. Neno nililoliweza mwezi uliopita leo silifikii.

Jumapili iliyopita binti yangu alikaa kando ya kitanda, akaniuliza, "Mama, wewe na baba mlikuwa mkicheka nini chumbani mwenu? Tulikuwa tunawasikia, hatukuwahi kuuliza."

Nikamwambia. Nilianza mwanzo kabisa, nikasimulia yote, jasho likinitoka. Alinishika mkono, hakuondoa macho mdomoni mwangu hata sekunde. Nilipofika mwisho nilikuwa nacheka, na yeye machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, mama," akasema. "Sijapata hata neno moja."

Alinipangusa jasho. Kisha watoto wakamwita jikoni, akainuka akaenda.