Kikapu cha Dina

Kikapu cha Dina ulikitambua kwa kitako chake. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto na hakukubali kufundishwa vingine. Sisi wenzake wa kikundi cha ususi hapa Ilongero tukishika fungu la nyasi na kulizungushia uzi wa mkonge, mzunguko unaelekea kulia. Wa Dina ulielekea kushoto. Ukivipanga vikapu ishirini uani, vimelala kifudifudi, chake ungekiona kabla hujavifikia.

Rafiki yake alikuwa Felista. Waliolewa mwaka mmoja, nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, na kwa miaka thelathini waliketi jamvi moja kila alasiri wakisuka. Mimi naitwa Joyce, ni katibu wa kikundi. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho, mengine alinieleza Felista mwenyewe.

Dina alikuwa na mtoto mmoja, Editha. Aliolewa Itigi na fundi wa reli ambaye mama yake hakumtaka. Yakasemwa maneno mazito, na kwa miaka mitatu mama na binti hawakuzungumza. Mwaka jana Dina akaugua ini, na akiwa kitandani akasikia kwamba Editha ana mimba. Alianza tu kusuka kikapu cha unga chenye mfuniko, cheupe, na mistari miekundu ya rangi ya mizizi. Alikisuka amelala ubavu, siku nyingine mizunguko miwili, siku nyingine nusu. Kilipokwisha alimwita Felista.

“Mpelekee Editha,” alimwambia. “Mwambie unga wa uji wa uzazi auweke humu. Na mwambie hasira yangu iliisha zamani, nilikosa tu pa kuanzia.”

Felista alikipokea, akaahidi. Wiki hiyohiyo gari la kukusanya kazi za maonyesho likaja kutoka mjini. Kikapu chake mwenyewe, alichokuwa amekiandaa kwa miezi miwili, kilikuwa kimetafunwa mdomo na panya, na aliligundua hilo asubuhi ileile gari likiwa limeshapiga honi barabarani. Aliwaza kwamba maonyesho ni ya siku nne tu. Kikapu cha Dina kingerudi, naye angekipeleka Itigi bila mtu kujua. Akakitoa. Likaandikwa jina la Felista.

Hakikurudi. Kilipata nafasi ya kwanza, kikapigwa picha, mgeni mmoja akakipenda na kuondoka nacho kwenda nchi za mbali. Jumamosi ya maonyesho hayo Dina alifariki.

Editha alikuja kuzika akiwa na mimba ya miezi saba. Tulipomaliza kuweka udongo alimshika Felista mkono, akamwuliza kama mama yake aliacha neno lolote. Felista akasema hapana.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Na nilikuwa nimeshaiona picha ya maonyesho kwenye simu, mizunguko inaelekea kushoto, chini yake jina la Felista. Nilinyamaza. Nilijiambia labda Dina alimpa.

Matanga yakaanuliwa. Felista akaanza kikapu kipya, akafika mzunguko wa kumi, akakigeuza kukagua kitako. Kilikuwa kinaelekea kushoto. Alidhani ni mawazo ya msiba. Akakifumua chote, akaanza upya, sindano mkono wa kulia, macho hayatoki kwenye kazi. Kuku wakavamia uwele alioanika, akainua kichwa kuwafukuza kwa sauti. Alipoinamia tena kazi yake, sindano ilikuwa mkono wa kushoto, na uzi ulikuwa umeshachomwa mara tatu kwa mtindo wa Dina: unavutwa, unaloweshwa kwa ulimi, unavutwa tena.

Felista hajawahi hata kukata mboga kwa mkono ule.

Alifumua mara nne wiki hiyo. Alijaribu kuufunga mkono wa kushoto kwa khanga kiunoni, na kipande cha asubuhi kilimwendea vizuri. Alasiri aliikuta khanga imekunjwa vizuri pembeni yake, wala hakumbuki aliifungua saa ngapi. Lilikuwapo na jambo la jamvi. Upande aliokuwa akiketi Dina ni upande wa ukutani, hapapigi jua kutwa nzima. Kila alasiri Felista alipoupapasa alikuta una joto, kama mtu ameinuka sasa hivi kwenda kuchungulia sufuria. Akaacha kukalia jamvi lile. Akaenda kusukia kwenye kigoda mlangoni. Mkono ukamfuata hukohuko.

Alisali, akafunga siku tatu, hakumweleza mtu. Vikapu aliendelea kusuka kwa sababu kila akikaa bila kazi mkono ulimwasha hadi kwenye bega.

Mwezi wa nane akavileta vitano kwenye mkutano wa kikundi. Kazi yangu ni kufunga kwenye kila kikapu kadi yenye jina la msusi. Nilikigeuza cha kwanza, nikakigeuza cha pili. Wanawake waliokuwa karibu walisogea kutazama. Mmoja alikiweka chini alichokuwa amekishika, taratibu, akajifuta viganja kwenye khanga yake.

Kalamu ilinishinda. “Felista,” nikamwambia, “hivi ni vya nani?”

“Sijui tena,” alinijibu.

Nikamtoa nje, tukakaa nyuma ya jengo, akanieleza yote tangu kitanda cha Dina. Hakulia. Alizungumza akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani asiyetulia. Alipomaliza nikamwambia na langu, kwamba niliiona picha, nikasikia na lile jibu la makaburini. Kisha akasema afadhali nisingemwambia, maana sasa hakuna hata wa kumkaripia.

Kesho yake tuliondoka pamoja kwenda Itigi. Tulipanda bodaboda hadi mjini, halafu basi. Pale Mkiwa, kwenye njia panda ya Itigi, tukashuka kungoja gari jingine, na wakati tunangoja Felista akatoa kikapu alichokuwa amekianza, kwa mazoea tu. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu kwenye jamvi kando yetu alisimama akamtazama.

“Dada una mkono mzuri,” alisema. “Lakini mbona huangalii?”

Nami nikageuka. Felista alikuwa anatazama barabara, mdomo wazi kidogo, amesinzia au kama amesinzia. Mkono wa kushoto ulikuwa unasuka peke yake, haraka, kwa ustadi ambao Felista hajawahi kuwa nao. Uzi ukafika mwisho. Mkono ukapapasa jamvini mwa yule mama kutafuta mwingine, ukakosa, ukatulia juu ya goti. Mama wa vitunguu alihamisha mafungu yake upande wa pili wa barabara.

Editha tulimkuta nyumbani, karibu na reli, anamwogesha mtoto kwenye karai. Alitusalimia shikamoo, akatukaribisha, akataka kuwasha moto wa chai. Felista alimwomba aketi kwanza. Akamweleza. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye maneno ya Dina aliyasema kama yalivyosemwa, pamoja na lile la kukosa pa kuanzia.

Editha alimfunga mtoto mgongoni, akafungua, akamfunga tena.

“Nilikuuliza, mama mdogo,” alisema mwishoni. “Nilikushika mkono nikakuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Mimi nimejifungua huku nikijua mama amekufa akiwa na kinyongo nami. Mtoto analia usiku, nawaza ni laana.”

Mimi ndiye niliyetaja habari ya mkono, na nikajuta mara nilipoitaja, maana ilionekana kama tumekuja kuomba tuponywe. Editha akasema hataki kusikia, anataka kuona.

Felista akatoa kazi. Akashika sindano kwa kulia, na tulisubiri kidogo tu. Sindano ikahamia kushoto. Editha alisogea akachuchumaa mbele yake. Kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kimekunjika ndani, hakigusi uzi. Dina aliwahi kuungua kidole hicho utotoni na hakikunyooka tena. Felista vidole vyake vyote ni vizima.

Editha akainuka akatoka. Tulimsikia akizunguka nyumba. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza.

“Kimalizie hapahapa,” alisema. “Hutaondoka hakijaisha.”

Tulikaa siku tatu. Editha alipika, akatuwekea chakula, hakuongea na Felista. Lakini kila mkono ulipofanya kazi aliketi karibu akampakata mtoto, na mara mbili nilimsikia akiusemesha mkono kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, maneno ya mtoto kwa mama yake. Nilijitoa nje nisiyasikie.

Siku ya tatu saa nne asubuhi mfuniko ulikamilika. Mkono ulikata uzi, ukaupenyeza ndani usionekane, ukafunguka kiganja juu. Felista alipiga ukelele mdogo. Alisema umeingia baridi ghafla, na kwamba baridi ile ilikuwa ya mkono wake mwenyewe.

Editha alijaza unga ndani ya kikapu, akafunika. Alitusindikiza hadi stendi, akaagana na mimi kwa mkono, Felista kwa maneno tu.

Kwenye kikundi Felista alisimama akasema ukweli mbele ya wote. Tuliwaandikia watu wa maonyesho jina libadilishwe. Walijibu kwamba watalishughulikia, na hadi leo picha ile ina jina lilelile. Vikapu vyake sasa vinaelekea kulia. Ni vizuri, si kama vile. Amelirudia jamvi, lakini anasema upande wa ukutani umekuwa baridi kama sakafu ya kanisa, na kwamba zipo alasiri anazoacha sindano makusudi, akangoja, mkono wa kushoto umelala pajani.

Mwaka ulipotimia Editha alikuja na mtoto kutengeneza kaburi. Alilala kwangu, hakulala kwa Felista. Siku ya kuondoka alipita kwake asubuhi, akasimama langoni, akamtoa mtoto mgongoni.

“Mshike kidogo nifunge mzigo,” alisema.

Mzigo ulikuwa umeshafungwa. Felista alimpokea, na Editha alikaa kwenye jiwe la langoni, akatazama barabara hadi bodaboda ilipofika.