Ufunguo Uko Ziwani

Mguu wa Ndayiragije ulikuwa umevimba hadi pingu ikazama nyamani. Upande wa pili mnyororo ulishikizwa kwenye kitanda cha hospitali, hapa Kasulu, maana mtu mwenye risasi gotini huenda akatimua mbio na kitanda mgongoni.

Mkewe, Esteri, alifukuza nzi kwa pindo la khanga.

"Afande, fungua. Daktari anasema mguu unaoza."

Koplo Makarius, polisi aliyewekwa mlangoni, alikuwa mtu wa utani. "Mama, mimi nalinda tu. Pingu ni za wanamaji, ufunguo wamerudi nao ziwani."

"Nao wanasemaje?"

"Wanasema mgonjwa ni wa polisi."

Ndayiragije alikuwa akivua dagaa Ziwa Tanganyika. Waliposikia boti ya kasi walizima karabai, kama wavuvi wote wa kule, kwani majambazi hufuata taa. Usiku ule ilikuwa doria ya wanamaji. Kuzima taa kukatosha kuwa kosa, wakapiga risasi. Walipomsikia akilia kwa Kirundi, uraia aliopewa na serikali yao hiyohiyo ukayeyuka. Wakampakia garini kumpeleka kambini kama mkimbizi mtoro. Homa ilipompanda njiani, wakamshusha hospitali, wakaita polisi, wakaondoka.

Esteri akaleta fundi baiskeli na msumeno wa chuma. Makarius akaziba mlango. Utani ulikwisha.

"Mkikata hiyo, mmeharibu mali ya jeshi. Nawaweka ndani wote."

"Na mguu ni mali ya nani?"

Fundi alishaondoka na msumeno wake.

Daktari Ghati alipiga simu wilayani, wakamtuma mkoani. Mkoani wakamtuma jeshini. Jeshini wakamrudisha wilayani, wakamtakia kazi njema. Akaweka simu mezani.

"Dada, nikiendelea kungoja ufunguo, nitakukabidhi maiti."

Esteri alimtazama mumewe, akaitikia kwa lugha ya nyumbani: "Ego." Ndiyo.

Wakamsukuma chumba cha upasuaji na kitanda chake.

Aliporudishwa wodini, pingu ilining'inia kitandani, imefungwa vilevile, ndani hamna kitu. Makarius aliitazama, akakuna shingo, akatoka. Alirudi na pingu nyingine. Akapiga magoti upande wa mguu uliobaki, akaufunga taratibu, asimwamshe mgonjwa.

"Usihofu, mama," alimwambia Esteri. "Hizi ni za kwetu. Ufunguo ninao."